Nguzo Zilizobakizwa: Hotuba Kuhusu Hekalu la Kailasa la Ellora

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, mafundi wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana, assalaam aleikum.

Juu ya meza hii nimeweka mawe mawili. La kwanza mnalijua tangu utotoni: ni jiwe la matumbawe, jeupe, jepesi kwa ukubwa wake, lenye vishimo vidogo vidogo kama mkate wa kumimina. La pili ni jeusi na zito, na nimeletewa kutoka Arusha, kwenye machimbo ya kokoto za barabara. Wajiolojia huliita basalti, yaani zaha ya volkeno iliyopoa na kuganda. Kando yake ziko nyundo na tindo. Naomba vitu hivi visiondolewe mpaka nimalize kusema, kwa sababu nitavihitaji.

Nimealikwa nizungumzie safari yangu ya India, na hasa hekalu moja la Kihindu ambalo nilikuwa nikilisoma vitabuni kwa miaka mingi kabla ya kulitia machoni. Sitazungumzia dini ya Kihindu kama mwanachuoni wake, kwa kuwa mimi si Mhindu. Niliingia mle kama mtu anavyoingia nyumba ya watu, nikavua viatu pale walipovua wenyeji, na nikanyamaza walipoomba. Nitazungumza kama mtu aliyetumia maisha yake kwenye majengo ya mawe ya pwani yetu, na ninachotaka kukisema mbele yenu ni kwamba kuchonga ni kazi ya akili kabla ya kuwa kazi ya mkono. Sijaona mahali pengine palipothibitisha jambo hilo kama pale.

Ellora ni kijiji katika jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India, kiasi cha kilomita 30 kutoka mji uliojulikana kwa karne nyingi kama Aurangabad, na ambao tangu 2023 huitwa rasmi Chhatrapati Sambhajinagar. Hapo pana genge la mwamba linalokwenda kwa zaidi ya kilomita 2, na ndani ya genge hilo yamechongwa mapango makuu 34. Pango la 1 hadi la 12 ni ya Wabudha, la 13 hadi la 29 ni ya Wahindu, na la 30 hadi la 34 ni ya Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India. Dini tatu zilichonga katika mwamba mmoja, ubavu kwa ubavu, na baadhi ya kazi zao zilikwenda wakati mmoja. UNESCO iliyaweka mapango hayo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1983. Yeyote atakayejaliwa kwenda ajue kwamba siku ya Jumanne mapango hufungwa, na kwamba hekalu ninalolisemea limeelekea magharibi, kwa hiyo jua huliangaza vizuri usoni kuanzia saa nane mchana.

Hekalu lenyewe ndilo hesabu ya 16, na jina lake ni Kailasa, kwa kuwa limekusudiwa liwe mfano wa mlima Kailasa wa Himalaya, ambao Wahindu wanaamini ndiyo makazi ya mungu wao Shiva. Wageni hununua tikiti ya kuona mapango, na hapo ndipo neno linapowapotosha, kwa maana Kailasa si pango hata kidogo. Limesimama peke yake chini ya mbingu, limezungukwa na ua, lina lango, mnara, ngazi na madaraja, na mtu asiyeambiwa angeapa kwamba ni jengo lililopandishwa jiwe juu ya jiwe. Ukweli ni kwamba hakuna jiwe lililowekwa juu ya jingine. Kuanzia kilele cha mnara hadi nyayo za tembo waliochongwa chini, lote ni kipande kimoja cha mlima ambacho hakijawahi kuondoka pale kilipozaliwa.

Kutoka barabarani huoni kitu. Mbele yako upo ukuta wenye lango la ghorofa mbili, na waliolichonga walilifanya kwa makusudi liwe kizuizi cha macho. Unapita katika njia fupi yenye kivuli, na mbele yako, ukutani, unakutana na Lakshmi, mungu wa kike wa neema, ameketi juu ya yungiyungi katikati ya bwawa lililochongwa majani yake moja moja, na tembo wakimmiminia maji kwa mikonga yao. Lazima ukate kushoto au kulia, na ni hapo tu, baada ya kugeuka, ndipo ua unapofunguka. Nilisimama. Kila upande wa ua yupo tembo wa jiwe mwenye ukubwa wa tembo halisi, na karibu naye nguzo ya mraba iliyosimama yenyewe, ndefu kupita minazi yetu mingi. Katikati kipo kibanda cha Nandi, fahali anayembeba Shiva, na nyuma yake hekalu lenyewe, limeinuliwa juu ya kitako kizito kinachopita urefu wa watu wanne waliosimama mmoja juu ya mabega ya mwingine. Kuzunguka kitako hicho wamepangwa tembo na simba wa jiwe, miili yao nusu imetoka nje, kana kwamba ndio wanaobeba jengo lote mgongoni. Tembo mmoja anang'oa majani, mwingine ameukunja mkonga wake kifuani. Niliweka kiganja juu ya ubavu wa mmoja wao, nikahisi jiwe lina joto la jua la mchana.

Sasa naomba mafundi waniazime masikio, maana tumefika kwenye kazi yenyewe.

Sisi tunapojenga, tunaanza na msingi. Tunachimba, tunajaza, tunapandisha kuta, tunasimamisha nguzo, tunalaza boriti, tunaezeka. Kosa likitokea ukutani, tunabomoa kozi mbili na kuzirudia. Waliochonga Kailasa walifanya kinyume cha hayo yote. Walipanda juu ya kilima, wakapima, kisha wakachimba mahandaki matatu makubwa kwenda chini: mawili yaliyoingia ndani ya kilima yakiwa sambamba, na la tatu lililoyaunganisha kwa nyuma. Shimo lililotokea lina urefu wa kiasi cha mita 82 na upana wa mita 46, na ukuta wake wa nyuma unapita mita 30 kwenda juu. Katikati ya shimo walibakiza kisiwa cha mwamba, na kisiwa hicho ndicho walichokichonga mpaka kikawa hekalu, kuanzia juu kuteremka chini.

Tafakarini maana yake. Juu ya paa la ukumbi mkuu limechongwa ua la yungiyungi, na kulizunguka wamesimama simba wanne ambao mtu aliye uani hawezi kuwaona sawasawa. Ili uwaone hunabudi kupanda njia ya kilimani na kutazama kutoka juu. Simba hao walichongwa kabla ya ukumbi ulio chini yao, na ukumbi kabla ya kitako, na kitako kabla ya sakafu ya ua. Katika jengo hili paa ni kongwe kuliko msingi. Fundi aliyekuwa juu akitengeneza kilele cha mnara ilimbidi ajue, kwa kipimo, mahali ambapo mguu wa tembo ungekuja kukanyaga mita 30 chini yake, ndani ya jiwe ambalo lilikuwa bado giza na halijaguswa na mtu. Nguzo haikuletwa na kuwekwa chini ya dari. Ilibakizwa, na nafasi inayoizunguka ndiyo iliyotolewa. Hata madaraja ya jiwe yanayounganisha lango na kibanda cha Nandi, na kibanda na ukumbi, yalibakizwa kwa namna hiyo hiyo: aliyekata chini yake alijua tangu mwanzo kwamba hapo asipasue.

Sisi husema maji yakimwagika hayazoleki. Kwa waashi wale, jiwe likimegeka halirudi. Pua ya sanamu ikikatika kwa pigo moja lisilo la haki, hakuna saruji ya kuibandika, wala hakuna jiwe jingine la kuchukua nafasi yake, kwa kuwa jiwe lenyewe ndilo jengo. Wataalamu wengi hukadiria kwamba mwamba ulioondolewa pale ulifika tani 200,000 hivi. Chukueni lori la tani 10, mnalolijua ninyi mnaosomba mchanga na kokoto. Hizo ni safari 20,000. Na mwamba huo wote ulimegwa kwa sururu, nyundo na tindo za chuma, ukatolewa kwa mikono ya watu, katika nchi ambayo mvua zake kubwa hushuka kuanzia Juni hadi Septemba na kulijaza maji kila shimo lisilo na njia ya kuyatoa.

Hawakuwa na ujasiri wa kipofu, hata hivyo. Waliujua mwamba wao. Eneo lote lile limefunikwa na tabaka za zaha zilizomwagika kiasi cha miaka milioni 66 iliyopita, moja juu ya nyingine, na tabaka hizo zina mistari ya asili, mingine ya kulala na mingine ya kusimama, ambayo fundi mwenye jicho huitumia kujirahisishia kazi. Tena kuchonga kutoka juu kuna faida ambazo anayefanya kazi kwa mikono huzitambua mara moja: huhitaji jukwaa la miti la kupandia, kwa sababu unasimama juu ya jiwe ambalo hujalikata bado, na kifusi hakimwangukii mwenzako kichwani, kwa sababu hakuna aliye chini yako. Mlima wenyewe ndio uliokuwa ngazi yao, na walizidi kuteremka nao.

Ushahidi wa utaratibu huu upo pia mahali pengine. Mahabalipuram, ufukweni kusini mwa mji wa Chennai, yapo mahekalu madogo matano yaliyochongwa katika karne ya 7, zama za wafalme wa Pallava, kila moja kutoka katika jabali. Hayo hayakumalizika. Ukiyatazama, vilele vimekamilika na kupambwa, na sehemu za chini zimebaki jiwe ghafi, jambo linaloonyesha bila shaka upande ambao kazi ilianzia. Na karibu zaidi nasi, kule Ethiopia, yapo makanisa 11 ya Lalibela, ambayo nayo yalichongwa ndani ya mwamba wa volkeno, likiwemo lile la Mtakatifu Giyorgis lenye umbo la msalaba, lililozama ardhini hata usilione mpaka ufike ukingoni mwa shimo lake. Watu wa imani mbalimbali, katika nchi mbalimbali, wameufikia ujuzi huu wa kujenga kwa kuondoa. Kwa ukubwa na kwa wingi wa mapambo, Kailasa ndilo lililofika mbali kuliko yote.

Wenyeji wa Maharashtra wana hadithi yao ya kueleza kwa nini kazi ilianzia juu. Wanasimulia kwamba mfalme mmoja aliugua sana, na mkewe akaweka nadhiri kwamba mumewe akipona atamjengea Shiva hekalu, naye hatatia chakula kinywani mpaka akione kilele chake. Mfalme akapona. Mafundi wakaitwa, na kila mmoja akasema hekalu haliwezi kupanda hata kufikia kilele kabla malkia hajafa kwa njaa. Ndipo akatokea fundi aitwaye Kokasa, akaahidi kwamba atakionyesha kilele katika muda wa wiki moja, kisha akaanza kuuchonga mlima kutoka juu. Mimi naipenda hadithi hii, ingawa ni hadithi, kwa sababu walioitunga walimfanya fundi ndiye mwokozi wa malkia, na hekima yake ikawa ni kuligeuza swali lenyewe.

Historia iliyoandikwa inamtaja mfalme Krishna wa Kwanza wa ukoo wa Rashtrakuta, aliyetawala kati ya mwaka 756 na 773 hivi. Aliyemtangulia, Dantidurga, ndiye aliyewaangusha wafalme wa Chalukya mwaka 753, na hati yake imechongwa katika pango jirani, la 15. Watafiti wanabishana kama kazi yote ya Kailasa ni ya enzi ya Krishna au ilianza kabla yake na kuendelea kwa warithi wake, na mimi niliyeziona kuta zile sioni vigumu kuamini kwamba baba aliianza kazi na mjukuu akaimaliza. Umbo lake halikuzuka tu. Kule Pattadakal, Karnataka, lipo hekalu la Virupaksha lililojengwa kwa mawe ya kupangwa miaka ya 740, na hekalu hilo, lenye mnara wa ngazi ngazi wa mtindo wa kusini na banda la Nandi mbele yake, linafanana na Kailasa mno. Washindi waliichukua nchi, na inaelekea walichukua na mafundi wake.

Majina ya mafundi hao hatuyajui. Lakini yapo mabamba ya shaba yaliyopatikana Baroda, yenye hati ya mwaka 812 au 813, ambayo katika kumsifu Krishna inalitaja hekalu la Elapura, ambalo ndilo hili. Hati hiyo inasema kwamba miungu, wakipita angani katika magari yao, waliliona wakastaajabu, wakadhani limejitokeza lenyewe, maana uzuri kama ule hauonekani katika vitu vilivyoundwa kwa mkono. Kisha inasema neno ambalo nimelibeba moyoni tangu siku nilipolisoma: kwamba fundi mwenyewe aliyelifanya, alipotaka kufanya jingine kama hilo, nguvu zikamwishia, na akabaki akijiuliza, je, mimi nililifanyaje? Katika sifa za wafalme, ambazo kwa kawaida hazimwoni mtu mwingine ila mfalme, mwandishi alimpa nafasi fundi, asimpe nafasi ya kujisifu, akampa nafasi ya kustaajabia kazi yake. Kila aliyewahi kuimaliza kazi kubwa anakijua kituo hicho.

Tuingie ndani. Ngazi zinakupandisha hadi ukumbi wenye nguzo 16, zilizopangwa nne nne katika pembe, hata njia za katikati zikafanya umbo la msalaba. Nje jua linachoma, ndani kuna baridi na harufu ya popo. Inachukua muda macho kuzoea. Kisha nguzo zinaanza kutokea moja baada ya moja, nene, zenye mapambo ya mistari na maua, na ukizitazama kwa jicho la mwashi unagundua jambo la ajabu: vichwa vyake vimechongwa kana kwamba vimebeba boriti, boriti zimechongwa kana kwamba zinalala juu ya nguzo, na hali hakuna kilichobeba kingine, kwa kuwa vyote ni mwamba mmoja. Waliyaiga maungo ya jengo la kawaida kwa sababu macho ya mwanadamu yanataka kuona mzigo na kinachoubeba, na bila hivyo moyo hautulii chini ya dari ya jiwe. Mwisho wa ukumbi, nyuma ya kizingiti, kipo chumba cha ndani kabisa chenye linga, jiwe la mviringo lililosimama, ambalo ndilo alama ya Shiva. Kuta za chumba hicho hazina pambo lolote. Baada ya maelfu ya sanamu za nje, unafika kwenye kuta tupu. Bibi mmoja aliyevaa sari ya kijani aliinama pale, akagusa jiwe kwa vidole kisha akavigusa vidole hivyo kwenye paji la uso wake, akatoka kinyumenyume. Ibada kubwa ya eneo lile siku hizi hufanyika katika hekalu la Grishneshwar, lililo karibu tu na mapango, lakini yule bibi hakuwa mtalii.

Kuna mchongo mmoja ambao niliurudia mara tatu siku ile, nami nawaomba mnivumilie nikae juu yake kidogo. Uko upande wa kusini, chini ya ukumbi. Unaonyesha kisa cha Ravana, mfalme wa Lanka, ambaye kwa kiburi chake aliingia chini ya mlima Kailasa akataka kuung'oa na kuubeba. Juu, Shiva ameketi na mkewe Parvati. Mlima unatikisika: Parvati ameushika mkono wa mumewe kwa hofu, na mtumishi wake anakimbia huku amewapa mgongo. Shiva peke yake hana wasiwasi, na kisa kinasema aliukandamiza mlima kwa kidole cha mguu tu, Ravana akanaswa chini yake. Mafundi walimwekea Ravana shimo lenye kina kirefu, wakamchonga akiwa karibu ameachana kabisa na ukuta, mikono yake mingi imesambaa kama miale, hata kivuli kinamzunguka pande zote. Wale wa juu wamechongwa kwa kina kidogo, nao wanapata mwanga. Kwa hiyo jua lenyewe linalisimulia tukio: juu nuru na utulivu, chini giza na nguvu inayohangaika. Na msisahau kwamba mlima anaojaribu kuung'oa Ravana ndilo hekalu hili lenyewe, lenye jina la mlima huo, lililo juu ya kichwa chake kwa uzito wake wote wa kweli. Yule aliyechagua mahali pa kuweka kisa hicho alikuwa msanifu wa majengo na mshairi kwa pamoja.

Weusi wa jiwe mnaouona kwenye picha haukuwa sura ya hekalu lilipokuwa changa. Sehemu nyingi bado zina mabaki ya lipu nyeupe, na hapa na pale yamesalia mabaki ya rangi. Watu wa zamani waliliita Rang Mahal, yaani kasri la rangi, na wapo wanaoona kwamba weupe wa lipu ulikusudiwa ufanane na theluji ya mlima Kailasa. Sisi tuliokulia miongoni mwa nyumba zilizopakwa chokaa tunaelewa haraka kuliko wageni wengine. Jiwe kwetu ni mwili, na chokaa ni nguo yake.

Huenda mtu akauliza, na ni haki yake, Ellora inatuhusu nini sisi wa pwani hii. Nitamjibu kwa historia. Wafalme wa Rashtrakuta hawakuwa wageni kwa mabaharia wa bahari yetu. Waarabu waliwaita Balhara, na maandishi ya Kiarabu ya mwaka 851 yanamhesabu Balhara kuwa mmoja wa wafalme wanne wakubwa wa dunia, pamoja na khalifa wa Waarabu, mfalme wa China na mfalme wa Rum, yaani Bizanti. Mwanzoni mwa karne ya 10, msafiri al-Masudi wa Baghdad alifika katika bandari za magharibi mwa India zilizokuwa chini ya Balhara, akaeleza jinsi Waislamu walivyoheshimiwa na kuwa na misikiti yao katika milki hiyo. Al-Masudi huyo huyo alisafiri mpaka pwani ya Zanji, yaani pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, katika kisiwa alichokiita Qanbalu, ambacho wanahistoria wengi wanaelekea kuamini kuwa ni Pemba, na safari yake ya mwisho kutoka hapo kwenda Oman ilikuwa mwaka 916. Akaandika kwamba pembe za ndovu za nchi hii zilipelekwa Oman, na kutoka Oman zikapelekwa China na India. Basi mtu mmoja, kwa macho yake mawili, aliiona milki ya waliolichonga Kailasa na akaiona pwani yetu, na upepo wa kaskazi na wa kusi ndio uliomchukua.

Nasi tulikuwa na wachongaji. Msikiti wa Kizimkazi, hapa hapa Unguja, una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 1107 yaliyochongwa katika matumbawe, na mkono ulioyachonga ulikuwa hodari kama wowote nilioukuta Ellora. Tofauti iko katika jiwe. Fundi wa pwani alilitoa tumbawe baharini likiwa bado bichi na laini, akalichonga kabla halijakauka, kisha akaliacha liwe gumu kwa upepo na jua. Alikuwa akishindana na muda. Fundi wa Ellora jiwe lake lilikuwa gumu tangu siku ya kwanza, na aliyeshindana naye alikuwa yeye mwenyewe, subira yake, na uangalifu wa mwenzake wa kushoto na wa kulia.

Siku ile nilibaki mpaka walinzi walipoanza kuwatoa watu. Kasuku wa kijani walikuwa wanarudi kwenye nyufa za mwamba kwa makelele. Nilikwenda nyuma ya hekalu, mahali ambapo watalii hawakai kwa sababu hakuna sanamu ya kupigia picha, nikausogelea ukuta mrefu wa shimo. Pale hapakusuguliwa. Alama za tindo zipo wazi, mistari ya mshazari, upana wa kidole kwa kidole, imepangana kwa mamia mpaka juu jicho lisikofika. Kwa kuinamisha kichwa niliweza kuona mahali ambapo mtu mmoja aliishia na mwingine akaanza, kwa kuwa mistari inabadilisha upande: huyu alipiga akitokea kulia, yule akitokea kushoto. Nilizifuata alama za mmoja wao kwa ncha ya kidole, toka usawa wa kifua changu hadi nilipoinua mkono mwisho wake. Kila alama ni pigo moja. Alishusha nyundo, akasogeza tindo, akashusha tena, na ni zaidi ya miaka 1,200 sasa.

Mawe ni haya hapa mezani. Naomba wanafunzi wa mwaka wa kwanza watangulie. Jipigieni mapigo kumi kwenye tumbawe, kisha kumi kwenye basalti, mkitumia tindo ile ile na mkono ule ule, na kabla ya kupiga kila pigo semeni kwa sauti ni kipande kipi mnachotaka kukibakiza.